Chini ya Sakafu ya Tanuri

Wazazi wa shule yetu, huku Luhwindja katika milima ya Kivu ya Kusini, waliazimia kujenga tanuri la mkate nyuma ya madarasa. Walitaka watoto wapate kipande cha mkate kabla ya kushika njia ya nyumbani, na siku za sikukuu upatikane hata ule mkate bapa wa Waitalia uitwao pizza, wenye nyanya na jibini. Matofali yalikuwapo, udongo ulikuwapo, na fundi hakukosekana. Jambo moja tu lilileta mashauri marefu: chini ya sakafu ya tanuri kuwekwe nini? Twaliandika hapa, kwa kuwa jamaa nyingi hujenga matanuri na kulipita jambo hilo bila kulifikiri.

Fundi alisema, "Mwalimu, moto hupanda juu. Huko chini tujaze mawe na mchanga, yatosha." Mama mmoja akamjibu kwa upole, "Baba, wewe utajenga siku saba, kisha utakwenda zako. Kuni tutabeba sisi."

Neno hilo lilitunyamazisha sote. Kuni za milimani haziokotwi mlangoni. Hupandishwa kwa migongo ya mama zetu na ya binti zetu, na binti aliyetumwa kuni alfajiri hufika shuleni masomo yamekwisha kuanza. Tanuri lenye kula mizigo miwili mahali pa mmoja lingewapa watoto mkate kwa mkono huu na kuwanyang'anya masomo kwa mkono huu. Basi ilitupasa kuchunguza.

Ni kweli kwamba hewa ya moto hupanda juu. Lakini joto lililoingia ndani ya jiwe au tofali haliangalii juu wala chini. Huenda popote penye ubaridi. Matofali ya sakafu yakilazwa juu ya mawe na mchanga, joto lao hushuka pole pole mpaka ardhini. Na ardhi yetu, ambako mvua hunyesha tangu Septemba hata Mei, ina maji mengi. Maji ni mwizi mkubwa wa joto: kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke kwahitaji joto zaidi ya mara 5 ya lile lililoyatoa katika ubaridi hata yakachemka. Tulimtembelea jirani aliyejenga tanuri lake juu ya ardhi ya namna hiyo. Mikate yake ilikuwa imeungua juu, na chini ilikuwa mieupe na mibichi. Naye alikuwa amechoma kuni tangu usiku.

Ni kitu gani basi kizuiacho joto? Ni hewa iliyofungwa katika nafasi ndogo ndogo, isiweze kutembea. Ndiyo kazi ya blanketi na ya manyoya ya ndege. Nyumba za msonge za wazee wetu wa Bushi, zilizoezekwa kwa nyasi nene, zilihifadhi joto la jikoni usiku kucha kwa sababu hiyo hiyo.

Tukaanza kupima vitu kimoja kimoja. Mchanga ni mzito na hewa yake ni kidogo. Wafaa kusawazisha matofali tu. Majivu makavu huzuia joto vema, lakini hushindiliwa na uzito, tena yakipata unyevu huyanywa maji na kukaa nayo. Chupa tupu zina hewa ndani, na watu wengi husifu kuzipanga chini ya sakafu. Lakini chupa ya bia nzima ina thamani yake, hurudishwa dukani, na maskini hataificha ndani ya udongo. Mawe ya volkano ya upande wa Goma, yenye vitundu kama mkate uliochachuka, ni mazuri sana: ni mepesi, hayaozi wala hayaungui. Lakini yapasa kuvuka ziwa Kivu, kisha kupanda milima hii, na gharama ya safari hiyo ingenunua unga wa siku nyingi.

Kilichobaki kilikuwa miguuni petu. Wapasua mbao za mikaratusi huacha vumbi la mbao chungu nzima, nalo halina bei. Likichanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha likapata moto, vumbi huungua na kuacha vitundu vingi vyenye hewa. Pale moto usipofika sana, hubaki jeusi kama makaa, nalo bado ni jepesi.

Hatukutaka watu wasadiki kwa maneno tu. Wanafunzi walifinyanga matofali mawili madogo ya ukubwa mmoja, moja la udongo mtupu na moja la udongo wenye vumbi la mbao. Yalipokauka na kuchomwa, waliyaweka pamoja juu ya makaa ya moto, kila moja na kipande cha nta mgongoni. Nta ya tofali la udongo mtupu iliyeyuka kwanza, na ile ya pili ilikawia. Fundi alitazama akacheka, akasema, "Haya, leteni hilo vumbi."

Tulijenga hivi. Kwanza, kitako cha mawe makubwa yasiyojazwa udongo katikati, ili unyevu wa ardhi usipate njia ya kupanda. Juu yake, tabaka la sentimita 12 la mchanganyiko: makarai 3 ya vumbi la mbao kwa karai 1 la uji mzito wa udongo. Tukaliacha likauke majuma kadhaa ya kiangazi. Kisha mchanga uliochekechwa, sentimita 2 tu, na juu yake matofali ya kuchoma yaliyolazwa bila chokaa wala saruji, ili yakipata moto yapate nafasi ya kutanuka, na moja likipasuka libadilishwe peke yake. Juu ya tanuri zima tukaweka paa la mabati, kwa maana tabaka lililolowa halizuii joto tena. Siku za kwanza moto uwe mdogo, mpaka mvuke wote utoke.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Watu wengine husikia neno hilo wakafikiri misitu ya mbali tu, kama ile ya Kahuzi-Biega. Lakini mti huokolewa pia jikoni, mzigo kwa mzigo, na anayeokolewa pamoja nao ni yule aubebaye.

Msomaji atakaye kujenga, asingoje mvua. Aanze mwezi wa Juni, afanye kwanza lile jaribio la nta kwa udongo wa kwao, tena awaite wale wabebao kuni waje kutazama, nao waseme neno lao kabla ya fundi kuweka tofali la kwanza.