Kabla ya Kununua Mtoto wa Mbwa, Mtazame Mamake

Kama watoto wako wanakusumbua uwanunulie mbwa, hebu nikusimulie yaliyotupata sisi wa Embu kabla hujafungua mkoba.

Tulitaka German Shepherd, mbwa wa kulinda boma na kucheza na watoto. Tukapanda matatu hadi Meru kwa mfugaji tuliyeelekezwa na rafiki. Watoto wa mbwa walikuwa wanane, wanono, manyoya yaking'aa. Binti yangu alimkumbatia mmoja na papo hapo akampa jina, Simba. Mama yao alikuwa amefungiwa nyuma ya nyumba. Sikuuliza kwa nini. Nililipa, tukarudi kwa njia ya Nkubu na Chuka tukiwa na furaha tele.

Alipofikisha miezi minane, Simba alianza kukimbia akirusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja, kama sungura. Tulimcheka. Kisha ngazi tatu za mlangoni zikamshinda. Tulimpeleka Nairobi akapigwa eksirei, na daktari akatuonyesha: kichwa cha mfupa wa paja hakikai barabara ndani ya kikombe cha nyonga. Alisema mbwa huurithi udhaifu huu kwa wazazi, na unene wa utotoni huuzidisha. Lakini akizaliwa huonekana mzima kabisa.

Nilimpigia simu yule mfugaji. Akanijibu kwamba mama yao naye "huchechemea kidogo tu."

Nilishikwa na aibu. Mimi ni mtoto wa mkulima. Huku Meru na Embu, nani hununua mtamba bila kuuliza mamake hukamuliwa maziwa kiasi gani? Hata mbegu ya fahali kutoka Kabete huchaguliwa kwa ukoo. Mbwa nilimchagua kwa manyoya.

Basi ukienda kwa mfugaji, mwombe amtoe mama atembee mbele yako, na baba pia kama yupo. Uliza kama wazazi walipigwa eksirei ya nyonga walipokomaa, yaani wakiwa na miaka miwili hivi, na uione ripoti kwa macho yako. Uliza hali ya ndugu waliozaliwa mbele. Usitulizwe na kadi ya chanjo. Chanjo huzuia parvo na kichaa cha mbwa, haigusi nyonga. Karatasi za ukoo za East Africa Kennel Club nazo hukuonyesha wazazi na mababu, lakini si cheti cha afya. Wazazi wazima huweza kuzaa mgonjwa, ila hatari hupungua. Mfugaji akisitasita, rudi mikono mitupu.

Simba tungali naye. Hunywa dawa ya maumivu, hatembezwi mbali, na hatutampandisha kamwe. Usiku wa baridi hulia akijaribu kuinuka, na binti yangu huamka akaketi naye.

Neno la mwisho, msomaji: siku ya kwanza nenda bila watoto. Mtoto akishampa mbwa jina, mzazi hana tena la kuuliza.