Kalamu Yetu na Amri ya Nane

 

Mwezi huu tumeombwa tuseme jinsi tunavyoishi imani yetu ya Kikatoliki kila siku. Tungeweza kuandika habari za kwaya, au jumuiya, au zile Rozari za mwezi wa kumi. Lakini sisi walimu watatu wa kujitolea, kitu tunachofanya kuliko vyote ni kuandika. Siyo vitabu, hapana. Tunaandikia watu. Watoto wakishatoka, saa tisa hivi, benchi la nje ya darasa linajaa. Mzee anataka barua kwa mwanawe. Mama anaomba turubai jipya kwa sababu la zamani limeoza. Kijana anataka barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Na zile karatasi za Msalaba Mwekundu, ambazo haziruhusu siasa, ni habari za familia tu, na zinaenda wazi bila kufungwa, hizo ndo tulizojifunzia kazi.

Hapo mwanzo tulidhani mwandishi Mkatoliki ni yule anayeweka jina la Mungu kila mstari. Mzee mmoja alitaka kumwomba mdogo wake aliyeko Uvira amsaidie pesa ya cherehani. Tukamwekea Zaburi, tukamwekea Mtakatifu Paulo, tukafunga kwa baraka ndefu. Jibu likaja: "Kaka, asante kwa mahubiri. Kuna kitu unahitaji?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. Sisi tulitamani ardhi ipasuke.

Katekista wetu akatuambia habari za Mtakatifu Fransisko wa Sales. Alipokuwa padre kijana alitumwa Chablais, mahali ambapo watu hawakutaka kuja kumsikiliza. Basi akaandika mafundisho yake kwenye karatasi, zikapitishwa chini ya milango ya nyumba. Baadaye, mwaka 1602, akawa askofu wa Geneva, lakini kwa ajili ya ugomvi wa dini wa wakati ule hakuweza kukaa katika mji wake mwenyewe. Alikaa Annecy. Askofu anayeishi nje ya kwao! Hapo tukasema, huyu ni mwenzetu. Kitabu chake cha mwaka 1609 kinafundisha kwamba askari, fundi, mke na mume, kila mmoja anaweza kuwa mtakatifu ndani ya kazi yake, bila kukimbilia kwenye nyumba ya watawa. Mwaka 1923 Papa Pius XI alimtangaza msimamizi wa waandishi Wakatoliki.

Wazee wetu wa Kivu nao wana wao wa kumtaja: Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, Mjesuiti, aliyeandika barua akiwatetea raia na wakimbizi, na akauawa hapo hapo Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Lakini ukikua unasikia habari zake, unajua kwamba barua siyo kitu cha mchezo.

Tulijua hayo yote, na bado tulianguka. Tunasimulia kwa ruhusa ya mama mwenyewe. Jina lake halitajwi.

Ilikuwa Septemba 2022. Alikuja jioni, wengine wameshaondoka. Mume wake alivuka ziwa mwaka 2017 kwenda kumzika mama yake upande wa Fizi, hakurudi tena. Hakuna simu, hakuna ujumbe, hakuna msafiri aliyemwona. Mama amebaki na watoto wanne. Sasa majirani walikuwa wamemwambia eti mtu aliyepotelewa na mume anangoja, lakini mjane anasikilizwa haraka. Akatuambia: "Wanangu, muniandikie tu kwamba alikufa. Mbele ya macho yangu."

Tulitazamana. Hatusemi nani kati yetu alishika kalamu, maana wote tulikuwepo na hakuna aliyesema hapana. Tulimwonea huruma, huo ndio ukweli. Nyumba yake inavuja, mtoto wa mwisho anaumwa kila mara. Tukajiambia kwamba Mungu anaona moyo. Na kwa kuwa tulijua kuandika vizuri, tuliandika vizuri. Tuliweka mahali, tukaweka saa ya asubuhi, tukaweka hata tarehe ili ionekane kweli. Mama alilia wakati tunamsomea. Nasi, Mungu atusamehe, tuliona fahari kidogo kwamba maandishi yetu yanaliza.

Barua ikapelekwa ofisini. Nakala ikabaki nyumbani, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya chakula.

Mwezi wa kumi na moja, kama kila mwaka, tuliwaambia watoto waandike majina ya marehemu wao kwa ajili ya bahasha inayowekwa karibu na altare. Mtoto mmoja wa darasa la tano akaleta karatasi yake. Jina la baba. Na pembeni, tarehe. Ile ile tarehe tuliyoitunga sisi kwenye benchi. Akauliza taratibu, "Mwalimu, kumbe ninyi mlijua tangu zamani?"

Hatukumjibu. Tulimwambia akae, tukaendelea na somo la hesabu. Hatukumbuki tulifundisha nini.

Jumamosi tulikwenda kuungama. Padre hakutugombeza sana. Alituonyesha Katekisimu, namba 2487, panaposema kwamba anayekosea ukweli ana wajibu wa kutengeneza alichoharibu hata kama ameshasamehewa. Yaani kusamehewa ni jambo moja, na kwenda kwa yule mama ni jambo lingine.

Tukaenda. Alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema neno ambalo tunalibeba mpaka leo: "Ninyi mtaungama kwa padre mtapumua. Mimi nitabaki na karatasi." Na alikuwa na haki. Kambini kila mtu anajua, ukibadilisha maelezo yako unaweza kuonekana mwongo hata katika yale ya kweli. Sisi tungetakata, yeye angeumia. Ni rahisi kuhubiri ukweli ukiwa huna watoto wanne.

Hatukumsukuma. Tulimwomba kitu kimoja tu, kwamba mtoto aambiwe. Akakubali, akamwita, akamwambia mbele yetu kwamba baba hajulikani alipo, na kwamba walimu waliandika vile kwa sababu yeye aliwaomba. Tukasema hapana, mama, tuliandika kwa sababu tulikubali. Mtoto alitutazama kwa muda mrefu. Wanafunzi wanajua kututazama hivyo tukikosea ubaoni, lakini siku ile ilikuwa tofauti.

Zikapita wiki tatu. Mama akaja mwenyewe kwenye benchi, mchana, watu wakiwepo. Alitaka barua ya pili. Tuliandika alivyosema: mwaka aliovuka, sababu ya safari, jina la bandari, na kwamba tangu siku hiyo hajasikia chochote. Ilikuwa fupi, haikumliza mtu. Chini yake tuliongeza aya kwa majina yetu matatu, kwamba maelezo ya kifo katika barua ya kwanza tuliyatunga sisi. Tuliogopa, tusidanganye. Posho ya mwalimu wa kujitolea ni ndogo, lakini nyumbani inasubiriwa. Ofisi ilipokea, ikagonga muhuri. Hatujaitwa, wala mama hajaitwa. Anangoja kama anavyongoja mume.

Siku hizi vijana wengi wana simu, na barua zimepungua, lakini watu bado wanakuja, hata kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Tunaandika kile mtu alichosema, tunamsomea kwa sauti ya chini ili jirani asisikie, tunamuuliza kama ndivyo. Akisema "ongezeni kidogo", tunamuuliza aongeze yeye. Wengine hukasirika, huenda kwa mwandishi mwingine anayelipwa. Karatasi zilizoharibika tunazichoma, na yale tuliyoyasikia hatuendi nayo bombani. Kabla ya mtu wa kwanza tunafanya ishara ya msalaba, basi, hatuna sala nyingine maalum.

Yule mtoto alirudi Jumatatu ile baada ya kuambiwa. Alitaka karatasi yake. Kwa kuwa ilikuwa ya wino, haikufutika. Akakata tarehe kwa mstari mmoja kwa rula, jina akaliacha, akauliza sasa aiweke wapi. Tulimpeleka kwa katekista, mwenye daftari la maombi kwa ajili ya walio safarini. Imo humo mpaka leo.