Walikale na Masisi: Mchezo wa hadithi ni wa nani?

Kuna mahali katika hadithi ya Mwindo ambapo msikilizaji husahau kumeza mate. Baba yake, mwami Shemwindo, alitaka kumuua tangu siku ya kuzaliwa kwake. Sasa baba ameshindwa vita, amekimbia na kuingia chini ya ardhi. Mwindo anamfuata mpaka kwa Sheburungu, lakini Sheburungu anataka kwanza wacheze mchezo wa mbegu. Wanatupa mbegu. Mwindo anapoteza mali. Anapoteza watu. Hata shangazi yake Iyangura anawekwa rehani. Kinabaki kitu kimoja tu, conga, usinga wake ambamo nguvu zake zote zimo. Anauweka nao chini.

Wanyanga wa Walikale wanajua kinachofuata. Watoto wengi waliozaliwa katika miaka hii ya vita hawajawahi kukisikia.

Mbali na Walikale, mamilioni ya watu wanacheza mchezo unaofanana sana na jambo hilo. Unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja anachagua mtu wa kuwa: mpiganaji, mganga, mwizi mwenye mikono myepesi. Msimulizi anasema: mmefika mtoni, daraja limevunjika, na majini kuna kitu kinachowatazama. Mnafanya nini? Mmoja anasema anaogelea, mwingine anataka kuongea na hicho kitu. Kama jambo ni gumu, wanatupa dado lenye pande 20. Namba ikiwa ndogo, mto unamchukua. Hakuna mshindi. Hadithi inaendelea wiki baada ya wiki, na hakuna anayejua mwisho wake, hata msimulizi mwenyewe.

Mwezi wa Januari 2023 wachezaji hao walikasirika kuliko kawaida. Mchezo huu leo uko mikononi mwa kampuni ya Wizards of the Coast, iliyo chini ya Hasbro. Tangu mwaka 2000 kulikuwa na ruhusa ya wazi: mtu yeyote angeweza kutumia kanuni za msingi za mchezo, atunge hadithi zake, azichape na kuziuza, bila kulipa kitu. Watu wengi waliishi kwa kazi hiyo. Halafu mswada wa ruhusa mpya ukavuja na kusambaa katika habari. Ndani yake watungaji waliopata zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka wangelazimika kutoa taarifa ya mapato yao, na waliopita dola 750,000 wangelipa sehemu ya fedha hizo kwa kampuni. Ruhusa ya zamani ingefutwa.

Wachezaji hawakunyamaza. Waliandika barua ya pamoja, na wengi wakaacha kulipia huduma za kampuni kwenye intaneti. Neno lao lilikuwa moja: kampuni ilitengeneza kanuni, lakini hadithi zimetengenezwa na wanaokaa mezani. Tarehe 27 Januari kampuni ilirudi nyuma. Iliacha ruhusa ya zamani ibaki, tena ikaweka kanuni za msingi chini ya ruhusa ya umma ambayo haiwezi kuifuta. Tangu siku hiyo kanuni hizo zinaweza kutumiwa na mtu yeyote, wa Chicago au wa Walikale, bila kuomba.

Habari hiyo ya mbali inagusa jambo la karibu sana. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, mtu aliyeitwa She-Karisi Rureke alisimulia hadithi ya Mwindo mbele ya Daniel Biebuyck, mtafiti kutoka Ubelgiji. Alisimulia kwa siku 12. Alisema, aliimba, alicheza ngoma, aliigiza kila mtu na kila mnyama, huku vijana wake wakipiga mdundo na watu wakiitikia nyimbo. Kwa desturi, hadithi hii haisimuliwi yote kwa mfululizo. Watu husikia kipande leo, na kipande kingine siku nyingine, kama wale wa mezani wanavyokutana kila wiki. Rureke aliombwa aitoe yote, naye akaitoa mpaka sauti ikamwishia.

Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha ambaye ni Mnyanga, waliichapa mwaka 1969 kwenye Chuo Kikuu cha California, kwa Kinyanga na Kiingereza. Kitabu kimesomwa katika vyuo vingi vya dunia. Kukipata Walikale ni kazi nyingine.

Basi hadithi ya Mwindo ni ya nani? Kitabu kina wachapaji wake. Hadithi yenyewe Rureke aliipokea kwa waliomtangulia. Karisi ni jina la hadithi za namna hii, na pia ni jina la mzimu ambao, kwa imani ya wazee, ndio unaomtaka mtu ajifunze kusimulia. Hakununua haki hiyo, na hakumzuia mwingine. Ruhusa ambayo Wamarekani waliigombania mwaka 2023, Wanyanga walikuwa nayo siku zote.

Kinachoondoa hadithi hii mikononi mwa wenyewe si kampuni. Ni baraza kubaki tupu. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre. Machi mwaka huo waliingia Walikale-centre, na watu wakakimbilia porini, kisha waasi wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kabla ya hapo kulikuwa na vita vingine, na vingine kabla ya hivyo. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, sufuria na godoro. Babu mwenye hadithi anabaki nyuma kwa sababu miguu haiwezi, au anafika kambini ambako jioni kila mmoja anawaza chakula cha kesho. Hadithi ya siku 12 inahitaji watu wanaojua watalala wapi.

Lakini kipande kimoja kinahitaji jioni moja tu. Hapo ndipo mchezo wa mezani unaweza kusaidia, na meza yenyewe si lazima. Inatosha mtu mmoja anayeijua hadithi, watoto wanne, na mbegu chache za kutupa badala ya dado. Mzee anasema: wewe ni Mwindo, baba yako amekufungia ndani ya ngoma na kukutupa mtoni. Wewe ni popo, mmoja wa wajomba zake, fundi wa chuma. Wewe ni Iyangura. Mukiti, nyoka wa maji, amefunga njia. Mnafanya nini?

Wazazi wengine na wachungaji watauliza kama huo si uchawi. Swali hilo si geni. Katika miaka ya 1980 makanisa mengine ya Marekani yaliupiga vita mchezo huu kwa neno hilohilo, na baadaye kelele zikapoa. Kwa Mwindo jibu liko ndani ya hadithi yenyewe. Shujaa huyu anajisifu mno. Anaua Kirimu, joka lenye vichwa saba, na kumbe Kirimu ni rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anamchukua juu mbinguni, anamtesa kwa mvua, baridi na jua mwaka mzima, mpaka ajue kwamba nguvu zake zina mpaka. Anarudi akiwa mwami anayewapa watu sheria za kuishi pamoja.

Na kuna jambo zito zaidi. Mwindo anapomshika baba yake hatimaye, ana kila sababu ya kumuua. Alirushiwa mkuki, alizikwa akiwa hai, alitupwa mtoni. Hamuui. Anamrudisha nyumbani Tubondo, anawafufua waliokufa vitani, baba anakiri kosa lake mbele ya watu wote, na nchi inagawanywa, sehemu ya baba na sehemu ya mwana.

Msikilizaji wa hadithi anapokea mwisho huo kama ulivyo. Mchezaji anaulizwa. Mtoto wa Masisi ambaye nyumba yao ilichomwa anakaa kwenye nafasi ya Mwindo, baba yuko mbele yake, mzee anamwuliza: unafanya nini? Anaweza kujibu kwamba anamuua. Mzee hatamgombeza. Atamwuliza tu nini kinafuata: nani atawarudisha watu Tubondo, shangazi atasema nini, watoto wa waliouawa watafanya nini kesho. Wenzake watatoa mawazo yao. Mbegu zitatupwa. Katika wilaya ambazo kila kundi lina kisasi chake cha kulipa, si jambo dogo mtoto kulijaribu swali hilo kwa mbegu kabla mtu hajampa bunduki alijibu nayo.

Huko kwa Sheburungu, Mwindo alipoweka conga chini na kutupa, alishinda. Alirudishiwa mali, watu na shangazi, kisha akamshika baba yake. Wazee wanaoweza kusimulia tupo hilo kwa Kinyanga bado wapo, katika Walikale na katika kambi walikokimbilia. Jioni hii watoto wao wapo karibu, na mbegu hazinunuliwi.