Treni ya Kituo cha Watoto Inatembea Tena

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea wa kituo cha watoto tumeombwa tuandike kuhusu ile treni ndogo, maana maneno yamekuwa mengi kule bombani. Wengine wanasema ilivunjwa na watoto wa Kikongo, wengine eti ni wa Kirundi. Mpaka akina mama wawili wakasukumana kwenye foleni ya maji. Basi tueleze ilivyokuwa.

Treni ilikuja ndani ya sanduku la michezo iliyokwisha kutumika huko Ulaya: kichwa kimoja, mabehewa sita, na vipande vya reli vya kuzunguka meza mbili. Ni mfano wa treni ya kweli uliopunguzwa mara 87. Reli zake zimeachana milimita 16.5. Darasa la sita tuliwapa hesabu, 16.5 mara 87 ni ngapi? Jibu ni karibu 1,435, na huo ndio upana kwa milimita wa reli mpya ya Tanzania, ile SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Reli ya zamani iliyofika Kigoma mwaka 1914 ni nyembamba, milimita 1,000. Hesabu hiyo waliipenda kuliko zote za mwaka huu.

Lakini kutembea, haikutembea. Kichwa kilitoka mbio, kwenye kona kikaruka nje. Ukikirudisha, mabehewa yanaachana na kubaki nyuma. Kamati ya kituo ikasema, mwezi ukiisha treni bado inaanguka, mota yake apewe fundi wa redio. Hapo ndipo watoto walipoanza kunyosheana vidole, fulani aliikanyaga, fulani aliivuta kwa kamba. Kuna waliogoma kuja kituoni kabisa.

Tulimwita mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mkaguzi wa mabehewa katika reli ya Kalemie. Sehemu kubwa ya watoto hawakujua kwamba kambini tuna mtu wa namna hiyo, wanamjua kama Babu wa mihogo. Akaketi, akaomba chaki. Akasema, "Wajukuu, msiniambie nani ameivunja. Mnionyeshe inaangukia wapi."

Kazi ikawa hivi. Treni ikianguka, mtoto mmoja anatia alama ya chaki mezani pale pale, mwingine anaandika ni behewa gani limetangulia kutoka. Tulizungusha mara ishirini. Alama tisa zilikuwa mahali pamoja, kwenye kiungo cha reli kabla ya kona. Saba zilikuwa za behewa la kijani, popote pale. Mzee akatuambia, mahali panapoangusha kila behewa, tatizo ni la njia; behewa linaloanguka kila mahali, tatizo ni lake lenyewe. Sisi tumesoma fizikia sekondari, lakini jambo hili hatukuwahi kuambiwa kwa urahisi namna hiyo.

Kwenye kile kiungo alipitisha ukucha juu ya reli. Ukucha ukakwama. Kumbe reli moja ilikuwa imepanda juu ya kibati cha kuunganishia badala ya kuingia ndani yake. Haizidi unene wa kadi ya posho, lakini kwa gurudumu dogo vile ni sawa na kupanda ngazi. Tuliichomoa, tukakibana kibati kidogo kwa koleo, tukairudisha. Zile alama tisa zikaisha.

Behewa la kijani lilituchukua siku mbili. Kwanza, nywele na nyuzi za nguo zilikuwa zimejizungusha kwenye ekseli, tukazitoa kwa sindano. Bado likaanguka. Mzee akachukua kipande cha bati la mkebe wa samaki, akakikata kwa tupa mpaka kikaingia sawasawa katikati ya magurudumu mawili ya behewa zuri, lile lisiloanguka kamwe. Kisha akakijaribu kwenye behewa la kijani. Hakikuingia. Kwa treni za ukubwa huu nafasi hiyo hutakiwa kuwa karibu milimita 14 na nusu. Yakikaribiana, ule ukingo wa ndani wa gurudumu unayumba na kupanda juu ya reli. Dawa yake ni kuzungusha gurudumu polepole huku unalivuta, siyo kulivuta kwa nguvu. Aliyeweza ni binti wa darasa la tano mwenye vidole vyembamba. Sisi wenye vidole vinene tulikaa pembeni.

Zikabaki ndoano. Tuliyaweka mabehewa juu ya kioo, mawili mawili, uso kwa uso. Ndoano mbili zilikuwa zimeinama, nyingine imekakamaa, haichezi kushoto wala kulia. Iliyoinama, weka kikaratasi chini ya shina lake ipande hadi usawa wa mwenzake. Iliyokakamaa ni mbaya zaidi, kwa sababu kwenye kona haigeuki, inalisukuma behewa nje. Usipake mafuta ya kupikia! Mafuta yanakamata vumbi, na vumbi letu mnalijua. Saga ncha ya penseli, unga wake mweusi unatelezesha vizuri.

Mwendo nao ulitusumbua. Kifaa cha kupunguza mwendo kinataka umeme wa ukutani, ambao hatuna, kwa hiyo treni ilifungwa moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12. Kijana anayechaji simu akashauri tupitishe umeme kwanza kwenye taa ndogo ya gari. Sasa mwendo umepungua. Tena magurudumu yakianguka na kuunganisha reli mbili, taa inawaka kwa nguvu badala ya waya kuungua.

Mabehewa mawili bado ni mepesi mno. Huko Marekani wenye treni hizi wana kipimo chao: behewa la sentimita 15 liwe na gramu 113 hivi. Yetu yanahitaji uzito chini kabisa, katikati, siyo juu.

Mzee tulimuuliza kama treni ya Kalemie ingeweza kuvuka ziwa na kuendelea hadi Tabora. Akacheka. Kule reli ina milimita 1,067, huku 1,000. Tofauti ya milimita 67 tu, na behewa haliendi. Watoto wakakaa kimya wakiangalia kile kibati cha mkebe.

Siku ya 28 kamati ilikuja, ikahesabu mizunguko thelathini bila behewa kutoka. Mota inabaki. Ugomvi wa sasa ni nani ashike taa, nao tumeupangia zamu kwa majina, zoni zote zimo.

Maonyesho ni Jumamosi saa nane mchana, wazazi mnakaribishwa. Mwenye nati kuukuu au vipande vya risasi za nyavu za kuvulia atuletee kwa ajili ya yale mabehewa mawili. Mikebe ya samaki pia, ioshwe kwanza.