Nuru Hukusanywa Haba na Haba

Askari aliyewahi kushika zamu ya usiku mbali na taa za mji huijua mbingu kuliko watu wengi. Anajua kuwa mtu atokaye penye mwangaza haoni kitu, na kwamba macho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza. Anajua pia kuwa kitu hafifu hakionekani vema kikikodolewa macho. Hutazamwa kwa pembeni kidogo, ndipo kikajitokeza. Katika nchi za ikweta, jioni za Novemba na Desemba, mlinzi wa namna hiyo akielekea kaskazini aweza kuona kitu kama wingu dogo jeupe, mfano wa pumzi ya mtu juu ya kioo.

Walakini hilo si wingu. Ni Andromeda, mkusanyiko mkubwa wa nyota, au galaksi kama wataalamu waitavyo, ambao nuru yake husafiri takriban miaka milioni mbili na nusu kabla ya kutufikia. Mtaalamu wa Kiajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, alikwisha kuiandika habari yake mnamo mwaka 964, bila ya darubini yoyote.

Jicho la binadamu lina udhaifu mmoja: haliweki akiba. Nuru iliyoingia sasa huonekana, kisha hupotea. Mtu akitazama saa nzima haongezi chochote juu ya kile alichokiona macho yalipokwisha kuzoea giza. Kamera ndiyo iwekayo akiba. Mwaka 1888, Isaac Roberts, aliyekuwa mfanyabiashara wa ujenzi huko Uingereza, aliifungulia kamera yake kwa muda mrefu mbele ya Andromeda, na bamba la kioo likaonyesha mikono ya mzunguko ambayo jicho halikuwa limeibaini. Hata hivyo bamba la namna hiyo lilipoteza sehemu kubwa ya nuru iliyolifikia. Mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa Marekani walibuni kipande cha silikoni kinachogeuza nuru kuwa umeme, na mwaka 2009 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kamera za kidijitali za leo hunasa zaidi ya nusu ya nuru inayozifikia.

Kazi yenyewe yataka subira. Darubini hufungwa juu ya mtambo unaogeuka polepole, maana dunia inapojizungusha nyota huonekana kuhama digrii 15 kila saa. Mtambo usipozifuata, kila nyota hugeuka mstari. Mpiga picha hapigi picha moja ya usiku kucha. Hupiga nyingi, za dakika chache chache, ili ndege ikipita au upepo ukivuma zipotee chache tu. Baadaye kompyuta huzipanga moja juu ya nyingine. Nuru ya mbinguni iko mahali pale pale katika kila picha, kwa hiyo hujumlika; chengachenga za kamera hutokea ovyo, kwa hiyo hufifia. Lakini hesabu yake ni ngumu: picha 4 husafisha mara 2 tu, na picha 100 mara 10. Atakaye usafi maradufu sharti akeshe mara nne.

Tena kuna jambo lipasalo kuzingatiwa. Mpiga picha hodari huifunika darubini yake kwa kifuniko na kupiga picha za giza tupu, kwa muda ule ule. Picha hizo huonyesha alama zinazoletwa na joto la kamera yenyewe, nazo huondolewa katika picha za nyota. Yaani, kabla ya kuamini alichokiona, hupima kwanza kasoro za chombo chake.

Faida ya desturi hiyo ilidhihirika mwaka 2022. Yann Sainty wa Ufaransa, mpiga picha asiye mtaalamu wa nyota kwa kazi, aliielekeza Andromeda darubini yenye kioo cha upana wa milimita 106 tu, huku ametia kichujio kinachopitisha nuru ya oksijeni. Alishirikiana na Xavier Strottner, Mfaransa mwenzake, na Marcel Drechsler wa Ujerumani. Picha zilipokusanywa, palitokea utepe hafifu wa buluu kando ya galaksi hiyo.

Huo ulikuwa mtihani. Andromeda ilikuwa imepigwa picha tangu mwaka 1888, na darubini kubwa kabisa za dunia zilikwisha kuichungua. Utepe huo ungaliweza kuwa mmeta wa nyota ndani ya kioo, au kosa la kompyuta, kwani kompyuta inayolazimishwa kudhihirisha kilicho hafifu huweza kudhihirisha hata kisichokuwapo. Kutangaza upesi kungaliwaletea aibu. Kunyamaza kwa hofu kungaliuacha ukweli gizani. Basi wakatafuta mashahidi. Wapiga picha wengine, kwa darubini nyingine, waliangalia mahali pale pale, na utepe ukaonekana.

Habari ilitolewa Januari 2023, wataalamu wa vyuo wakiwa pamoja nao. Utepe una urefu wa digrii moja na nusu, sawa na miezi mipevu mitatu iliyopangwa mstari. Ukubwa huo ndio uliouficha, kwa kuwa darubini kubwa hutazama kijisehemu kidogo tu cha mbingu kwa mara moja. Wataalamu wakaanza kujadiliana iwapo utepe huo uko karibu na Andromeda au uko mbele yake, ndani ya galaksi yetu. Mwaka huo huo picha yao ilipata ushindi wa kwanza katika mashindano ya picha za nyota ya Royal Observatory, Greenwich.

Mlinzi wa lindoni na mpelelezi wa polisi watayatambua mambo haya bila ya kufundishwa. Anayekesha muda mrefu aweza kuona kilichompita mwenye chombo kikubwa. Lakini kuona peke yake hakutoshi. Sharti mtu alitilie shaka jicho lake mwenyewe, amwite na mwingine atazame, ndipo aandike taarifa.