Wosia kwa wanangu wanaokwenda machimboni

Wanangu na wajukuu zangu wa Pangi,

Umri umenifika, na kabla sijaondoka nataka kuwaachia neno juu ya sida, yaani ukimwi.

Sisi tuliijua Kalima ya SOMINKI, kampuni ya kuchimba bati iliyoundwa mwaka 1976. Bei ya bati ikaanguka mwaka 1985, kampuni ikadhoofika hadi ikafa, na vijana wakaanza kuhama shimo hadi shimo wakitafuta kasiterite, yaani mawe ya bati, na dhahabu. Vita navyo vikaja, vikawadhulumu mama na dada zenu. Anayehamahama ndiye anayekatiza dawa ya sida, na hilo hunikosesha usingizi kuliko ugonjwa wenyewe.

Maana dawa ipo, kidonge kimoja kwa siku. Anayekimeza bila kukosa, virusi hupungua hata kipimo kisivione; akidumu hapo, hamwambukizi mwenzake kitandani. Mama mjamzito asipotumia dawa, watoto 15 hadi 45 katika 100 huambukizwa. Akitumia vizuri, hawafiki 5. Lakini ukiacha kwa kuwa unajisikia mzima, virusi hurudi, na vinaweza kurudi vikiwa vimeizoea dawa. Basi kabla ya safari mwombeni munganga dawa ya miezi kadhaa, na mbebe karatasi ya matibabu ili kituo cha afya cha kule mwendako kiwapokee. Kikohozi kisipoisha, mpimwe kifua kikuu pia. Ndicho kinachoua wengi wenye sida.

Tena nendeni wawili, mume na mke, kupimwa virusi. Katika chama chetu cha bwami mwanaume hafiki daraja la kindi peke yake, mpaka mke wake awe ameingia daraja la wanawake la bunyamwa. Iweje basi mume amwache mke apimwe peke yake akiwa na mimba, kisha amfukuze akikutwa na virusi, naye mwenyewe hajapimwa? Huyo ametuaibisha sisi Warega. Na Kongo ina sheria, ya tarehe 14 Julai 2008, inayowalinda wenye virusi wasibaguliwe. Hata wanawake wanaojiuza machimboni ni watoto wa watu. Asiwepo wa kuwacheka wanapokwenda kuchukua dawa, maana anayeona haya hujificha, na anayejificha hufa.

Kila anayepanda pikipiki kwenda machimbo ya Kampene apite kwanza kituo cha afya. Na aliyeanza dawa, nawaomba ninyi jamaa zake: mkumbusheni kila siku, mle naye sahani moja.