Kamba Gani?

Wakati wa likizo nilimsaidia mjomba wangu, fundi wa mashua kule Bujumbura, ng'ambo ya mpaka toka kwetu Uvira. Mwenye mashua moja ya matanga, yenye urefu wa mita saba, alitaka waya za kupandishia matanga zitolewe na kamba za kisasa ziwekwe mahali pake. Nilikwenda na daftari. Natayarisha kazi yangu ya mwisho juu ya istilahi za vyombo vya majini, na orodha yangu ilikuwa imejaa maneno niliyoyatoa katika kamusi.

Waya ya chuma hairefuki inapovutwa, ndiyo maana ilipendwa. Lakini ikizeeka, nyuzi zake hukatika moja moja na kutokeza kama miiba. Mjomba alinionyesha makovu ya kiganja chake. Kamba mpya ina moyo wa nyuzi za plastiki za namna ya pekee: ni nyepesi hata huelea majini, na kwa uzito ule ule ina nguvu kuliko chuma.

Ncha ya kamba mpya hushonwa kwenye ncha ya ile ya zamani, halafu ya zamani huvutwa nayo huiingiza mpya mlingotini. Ya tanga la mbele ilipita hivyo bila shida. Ya tanga kubwa ilikataa, kwa sababu gurudumu la juu lilikuwa na mfereji mwembamba wa waya, na kingo zake zilikuwa kali, zingeikata kamba. Ilibidi kijana mmoja apande kulibadilisha. Tulimvuta juu kwa kamba mpya ya mbele, ameketi kwenye ubao.

Chini nilibaki nikichunga kamba mbili zilizofungwa: ile iliyombeba kijana, na ile ya zamani. Alipokuwa tayari kulitoa gurudumu, mjomba aliniita:

"Achilia kamba!"

Niliachilia. Kijana alishuka ghafla kiasi cha dhiraa moja, akapiga kelele. Mzunguko mmoja uliobaki kwenye chuma ndio uliomshika. Mjomba alirukia kamba na kuikaza.

"Hapana ile! Ile ingine!"

Hakuna aliyeumia. Lakini usiku sikulala vizuri. Kamba ya kupandishia, kamba ya kuvutia, kamba ya kufungia: siku nzima zote zilikuwa "kamba" tu. Na mimi nilikuwa nayo daftarini maneno ya mabaharia wa pwani: henza, kamba nene ya kupandishia foromali, jarari, inayopita katika gofia, demani, ya kuongoza tanga. Niliyahesabu, nikayapanga kwa alfabeti, na sikumpa mjomba hata moja.

Asubuhi nilimwambia. Aliuliza swali ambalo mwalimu yeyote angeliuliza: mashua hii haina foromali, sasa henza itapandisha nini? Nilijibu kwamba kazi ni ile ile, kupandisha tanga, na neno linaweza kupanua maana yake. Nilimwambia pia kwamba mwaka 1858 Speke alivuka Tanganyika kwenda kuomba jahazi la mfanyabiashara Mwarabu. Jahazi lilikuwapo ziwani humu, na sioni jinsi mabaharia wake wangelifanya kazi bila majina ya kamba.

"Hayo ya Speke ni yako," alisema mjomba. "Mimi nataka mtoto wa watu asianguke."

Alikubali henza kubwa na henza ya mbele. Jarari aliikataa, maana haimo katika mashua ile. Katika orodha yangu nimeongeza safu moja: nani alilitumia neno, na kwa kazi gani. Mistari mingi katika safu hiyo ingali mitupu.

Siku ile kijana hakukubali kupanda kabla ya kuniuliza:

"Unachunga gani?"

"Henza ya mbele."

"Sema tena."

Nikasema tena.